Mlango wa Bi. Sikudhani katika Nchi ya Nusura

Namna nilivyofika Nusura haina faida kwa msomaji, kwa sababu njia ya kwenda huko ni moja tu, na kila asubuhi wenyeji huirushia dadu kuamua itapita wapi. Nitaeleza nilichokikuta.

Mpakani nilipokewa na Bwana Tamimu, karani wa wageni, mtu mnene na mchangamfu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kiatu kimoja. Aliweka muhuri na dadu mezani, akaniuliza nachagua kipi.

"Ukichagua muhuri, unaingia," alisema. "Ukichagua dadu na ikatoka sita, unaingia na unapewa ng'ombe. Isipotoka sita, unarudi kwenu kwa miguu."

"Naomba muhuri."

"Hata hujaribu, mgeni?"

"Kwa muhuri naingia kwa hakika."

"Hakika," alirudia, kama mtu aliyetajiwa uji usio na sukari. "Haya. Kila mtu na maradhi yake." Akagonga.

Nilimuuliza kiatu cha pili kiko wapi.

"Kile? Kile nusura kinipatie farasi!" alijibu kwa fahari, na akanionyesha utepe wa kijani ulioshonwa begani.

Hapo sina budi kueleza sheria ya tepe, maana bila hiyo nchi ile haieleweki. Sheria ya kwanza ya Nusura inasema hakuna raia anayeshindwa. Anayehitaji sita akapata sita, ameshinda, na jambo hilo hutokea na kusahauliwa. Anayepata tano, nusura ashinde: huyo hupigiwa ngoma na vigelegele, na huvishwa utepe wa kijani. Nne ina utepe wa manjano, tatu wa buluu, mbili wa kahawia. Niliuliza kuhusu moja. Bwana Tamimu alinifafanulia kwa subira kwamba moja ndiyo yenye heshima ya pekee, kwa kuwa kwenye dadu imelala chini ya sita, na laiti dadu ingepinduka tu, ingekuwa sita yenyewe. Utepe wake ni wa zambarau. Wataalamu wao wa hesabu wamethibitisha kwamba kila uso wa dadu ama unapakana na sita ama uko nyuma yake, hivyo hakuna namba iliyo mbali na ushindi. Nimeikagua dadu. Kuhusu mipaka ya nyuso, wamesema kweli.

Neno "kupoteza" limo katika kamusi yao, lakini limebandikwa kipande cha karatasi juu, na kulitamka mbele ya wakwe ni utovu wa adabu.

Tuliingia mjini. Nyumba nyingi hazikuwa na mapaa, na watu walikaa ndani yake wakiwa wamefungua miavuli, wamevaa tepe mpaka magotini. Kwenye njia panda kulikuwa na askari aliyerusha dadu kuamua gari lipi lipite. Magari yaliyogongana yalikuwa yamekaa pembeni, na madereva wake walikuwa wakipongezana kwa jinsi walivyokaribia kukwepana. Kwa mwoka mikate, mteja aliyetaka mkate mmoja alirushiana dadu na mwoka apate miwili au aondoke mikono mitupu. Mwoka alikuwa mtu pekee mnene mtaani pale, ukimtoa Bwana Tamimu, ambaye kwa hisani ya serikali hulishwa bila dadu. Nilimweleza Bwana Tamimu uhusiano wa unene wa mwoka na dadu yake. Alisema ni wivu wa wageni.

Ndipo nikaona mlango ukija.

Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, wenye nakshi ya majani pembeni, na ulikuwa juu ya kichwa cha mwanamke. Mwanamke huyo alitembea wima, mkono mmoja juu, na kila alipofika penye watu alipiga kelele, "Mlango! Mlango unapita!" Nao walimpisha kwa adabu.

Jirani yake mmoja, Bi. Kazija, alimlaki kwa shangwe. "Shoga, hongera! Nasikia jana mumeo nusura ashinde!"

"Ahsante, shoga. Na mimi nusura niolewe na mume."

Bi. Kazija alicheka mpaka akajishika ukutani. Mwenye mlango hakucheka.

Alikuwa Bi. Sikudhani. Nilimsalimu, nikamwomba anieleze, kama haoni tabu, sababu ya kubeba mlango barabarani.

"Ni wa nyumba yangu, baba," alisema. "Mabati yamekwenda. Madirisha yamekwenda. Jiko limekwenda na chungu kikiwa juu yake, hata wali haujaiva. Umebaki huu. Nikiuacha nyumbani, Machano ataucheza. Basi natembea nao, na nikilala naulalia. Wanasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Mume wangu anaumwa dadu; kachovya mpaka buyu lenyewe."

Hofu yake ilikuwa na msingi wa kisheria. Nchini Nusura, nyumba isiyo na mlango huhesabiwa kuwa njia ya watu wote. Ng'ombe hupitishwa ndani yake, na mwenye nyumba akilalamika hutozwa faini kwa kuzuia barabara. Na Machano, mumewe, fundi seremala aliyeuchonga mlango ule kwa mikono yake kabla hawajaoana, alikuwa amekwisha kuuahidi kwa mchezo wa sikukuu ya kesho yake. Siku ya sikukuu, kilichoahidiwa hakifichwi: wazee wa mchezo hukifuata popote kilipo, hata kichwani pa mtu.

"Ulijuaje kwamba ni ugonjwa," nilimuuliza, "na si tabia tu, kama ya hawa wengine?"

"Nilikuwa natazama," alisema. "Mwanzo alicheza Ijumaa. Halafu akacheza Jumamosi ili arudishe cha Ijumaa. Halafu akawa ananiaga anakwenda mazikoni. Nikahesabu maiti wake, nikaona mtaa mzima ungekuwa umekwisha. Siku akikaa bila dadu, mikono inamtetemeka, anagombana na kuku. Na kitu kidogo hakimtoshi tena. Zamani akicheza sahani damu ilimchemka. Sasa sharti iwe paa." Alihamisha uzito wa mlango. "Mtu anayecheza kwa raha hucheka, baba. Wangu hacheki. Anatafuta dadu kama mtu aliyezama anavyotafuta hewa."

Sijasoma maelezo ya ugonjwa huo yaliyo sahihi zaidi katika kitabu chochote, na hakuna hata neno moja aliloliongeza kwa hasira.

Siku hiyo alikuwa akienda Barazani. Katika hospitali ya mji kulikuwa na Daktari Pandu, aliyejua kutibu watu wa aina ya Machano, lakini sheria ilimkataza kumlaza mtu yeyote ambaye ugonjwa wake haukutambuliwa na Baraza. Machano mwenyewe, asubuhi moja akili zikiwa zimetulia, alikuwa amemwambia mkewe, "Mama, nifungie mahali." Bi. Sikudhani alipeleka ombi siku ileile, kabla upepo haujageuka.

Ukumbi wa Baraza ni mkubwa na hauna paa. Hakimu Mwinyikondo, mwenyekiti, alikuwa na tepe nyingi kiasi kwamba bawabu alimwinulia mikono aweze kugonga meza. Bi. Sikudhani aliusimamisha mlango wake mbele ya Baraza, akasimama kando yake. Daktari Pandu, mzee mwembamba asiye na utepe hata mmoja, aliitwa kutoa ushahidi.

"Mgonjwa ana joto?" aliuliza Hakimu.

"La kawaida, mheshimiwa."

"Anakohoa?"

"Hakohoi."

"Ana upele?"

"Hana."

"Basi ugonjwa uko wapi, daktari? Tuonyeshe kwa kidole."

"Uko katika kushindwa kuacha, mheshimiwa."

Ukumbi uliguna. Wazee wawili waliziba masikio. Hakimu aligonga meza. "Neno hilo halitamkwi hapa! Kuna wanawake humu ndani!"

"Basi tuseme," alisema Daktari Pandu bila kubadilisha sauti, "kila siku nusura aache."

Watu walimshangilia kwa nguvu, na mjumbe mmoja akapendekeza Machano apewe utepe kwa juhudi hizo.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kisomi. Mjumbe mmoja alisema kamari haiwezi kuwa ugonjwa kwa kuwa mgonjwa hulala, na wacheza kamari hawalali. Mwingine alisema ni kipaji. Wa tatu alisema ni kosa la Machano mwenyewe, aache tu, kwani yeye mjumbe angeweza kuacha wakati wowote. Alipoulizwa kama anataka kuliwekea dau hilo, aliweka koti lake papo hapo.

Hatimaye walimwita Machano. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vya fundi, na tepe zake zilikuwa zimekunjwa vizuri kifuani. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini macho yalikuwa yakifuata dadu ya Hakimu iliyokuwa mezani.

"Machano," alisema Hakimu, "wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mheshimiwa, nimeweka dau na bawabu wako kuhusu hukumu hii."

"Upande upi?"

"Kwamba nitakataliwa."

"Kumbe hutaki tiba?"

"Naitaka. Nikikubaliwa, napata tiba. Nikikataliwa, napata kofia yake."

Mnong'ono wa kuvutiwa ulipita ukumbini. Wajumbe kadhaa waliandika hoja hiyo viganjani.

"Ni kofia nzuri?" aliuliza Hakimu.

"Hainitoshi, mheshimiwa," alisema Machano. "Nilijua hainitoshi. Nimekuja hapa kuomba nisaidiwe, na mlangoni nimecheza kofia isiyonitosha." Alifuta uso kwa utepe wake mmoja, akarudi kukaa.

Baraza likapiga kura kwa njia ya nchi hiyo. Ilikubaliwa kwamba ikitoka sita, kamari ni ugonjwa; ikitoka nyingine yoyote, si ugonjwa. Hakimu alirusha. Dadu iligonga kidau cha wino, ikazunguka kwa ukingo, ikasita, ikalala.

Tano.

Sijapata kuona furaha ya namna ile. Watu waliruka juu ya viti. "Nusura iwe ugonjwa!" walipiga kelele. "Nusura atibiwe!" Ngoma zilipigwa. Wajumbe walikumbatiana. Bi. Kazija, aliyekuwa amekuja kutazama, alipiga kigelegele kirefu, akamkumbatia Bi. Sikudhani pamoja na mlango. Hakimu alishuka mwenyewe na utepe wa kijani akamvisha mwombaji begani, huku akimwambia kwamba hajawahi kuona ombi lililokaribia hivyo. Machano alikuwa amekaa palepale. Bawabu alimletea kofia.

Bi. Sikudhani alingoja kelele zitulie. Alikuwa ameushika utepe kwa vidole viwili.

"Mheshimiwa," alisema, "huu utepe maana yake nini?"

"Maana yake, mama, nusura ushinde. Ni heshima kubwa."

"Na aliyekaribia kushinda, kwa sheria zetu, ameshindwa?"

"La! Hashindwi mtu hapa."

"Basi kama sikushindwa, ombi langu limepita. Mpelekeni mume wangu hospitali."

Hakimu alicheka, halafu akaacha kucheka. "Hapana, mama. Haikutoka sita. Ombi halikupita."

"Kumbe aliyepata tano hakupata kitu."

"Sikusema hivyo."

"Mheshimiwa, chagua moja," alisema Bi. Sikudhani. "Ama tano inatosha, na mume wangu anakwenda kwa daktari leo hii. Ama tano haitoshi. Na kama haitoshi, basi miaka yote hii mume wangu alikuwa anapoteza, na mimi nilikuwa nampigia vigelegele. Na wewe vilevile, mheshimiwa, na hizo zote ulizozivaa."

Wajumbe wote walizishika tepe zao kwa pamoja, kama watu wanaoshika nguo upepo ukivuma. Hakimu Mwinyikondo alijitazama kifuani, tumboni, akafuata tepe mpaka magotini. Mkono wake ulikwenda kwenye dadu.

"Nirushe," alisema kwa sauti ndogo, "tuone lipi kati ya hayo mawili…"

"Na ikitoka tano, mheshimiwa?" aliuliza Daktari Pandu.

Mkono ulirudi.

Hukumu ilitolewa kabla ya adhuhuri. Baraza liliamua kwamba, ili kulinda hadhi ya tepe za taifa, tano ilikuwa ikitosha tangu zamani, na kwamba kamari, ikimfika mtu kwa kiasi cha kumfanya asiweze kuacha, ni ugonjwa na itatibiwa. Ahadi zozote alizoweka mgonjwa kabla ya kulazwa zilibatilishwa, ukiwemo mlango. Machano, kwa kuwa hakukataliwa, alimrudishia bawabu kofia yake. Kama kawaida ya mabaraza, jambo la haki lilipita kwa sababu isiyohusika.

Daktari Pandu aliniruhusu kutembelea wodi yake. Bwana Tamimu alinifuata, kwa kuwa kazi yake ni kufuata wageni, na njiani alijaribu kuniwekea dau kwamba nitaingia kwa mguu wa kushoto. Mlango wa wodi ulikuwa na kufuli, na mgonjwa mwenyewe alitia saini kwamba asifunguliwe hata akiomba kwa machozi. Sikuona sindano wala chupa za dawa. Niliona watu wameketi kwa duara, Machano akiwa mmoja wao.

Tiba ya kwanza ilikuwa kusema sentensi moja.

"Ulihitaji sita," alisema Daktari Pandu. "Ikatoka ngapi?"

"Tatu."

"Mabati yako yakawaje?"

"Nusura niya…"

"Hapana. Yakawaje?"

Machano alitoka jasho. Mgonjwa mmoja wa kando alicheka kicheko cha woga, kama mtoto anayesikia mtu mzima akitaka kutukana. "Niliya," alisema Machano. "Niliyapo." Alishika kiti kwa mikono miwili. "Niliyapoteza."

Hakuna aliyepiga ngoma. Daktari aliitikia kwa kichwa tu. "Na madirisha?"

"Niliyapoteza. Na jiko nililipoteza. Na randa yangu, na misumeno, na saa ya marehemu baba." Baada ya lile la kwanza yalitoka kwa kufuatana, na sauti yake haikupanda. Alipomaliza aliuliza, "Lakini, daktari, sita haijanitokea muda mrefu. Si iko njiani?"

"Dadu haina njia, Machano, wala haina kumbukumbu. Haijui kama wewe upo."

Machano aliifikiria habari hiyo kwa muda mrefu. Niliona inamuumiza kuliko yote aliyokwisha kuyasema.

Mambo mengine ya tiba yalikuwa ya kawaida kabisa. Mali ya nyumba ikawa mikononi mwa mke. Wagonjwa walifundishwa kwamba hamu hupanda kama maziwa jikoni, na kama maziwa, ukiyatoa motoni hushuka. Kwa hiyo hamu ikipanda mtu aondoke mahali pale, atafute wa kuzungumza naye, asikae kubishana nayo. Walirudi kwenye duara mara kwa mara. Wengine walicheza tena, wakarudi na aibu, wakapewa kiti chao. Daktari Pandu aliniambia kwamba hilo hulitarajia, na kwamba anayevunjika mguu mara ya pili hafukuzwi hospitali.

Nilimuuliza ni kwa kiasi gani Machano ana matumaini ya kupona. Papo hapo wauguzi, wafagiaji na Bwana Tamimu wakatega masikio, mikono mifukoni, tayari kuweka dau.

"Hilo sijibu," alisema Daktari Pandu kwa sauti ya kuwafikia wote. "Nendeni kazini."

Walitawanyika kwa huzuni. Bwana Tamimu alibaki. Alikuwa akitazama mguu wake usio na kiatu.

"Mgeni," aliniambia pole pole, huku akihakikisha hakuna mkwe karibu, "kile kiatu changu." Akaushika utepe wake wa kijani. "Nilikipoteza, ee?"

"Ulikipoteza."

"Na farasi mwenyewe simuwezi," alisema. "Nawaogopa." Alikaa kwenye benchi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kubaini machozi hayo yalikuwa ya nini.

Kabla sijaondoka Nusura nilipita mtaa wa Bi. Sikudhani. Nyumba ilikuwa bado haina paa. Machano, aliyeruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti la kuhudhuria duara, alikuwa na nyundo ya kuazima, anamalizia kuupachika mlango kwenye fremu yake. Bi. Sikudhani alikuwa amesimama kando, na ingawa kichwa chake hakikuwa na kitu juu yake, mkono mmoja ulikuwa bado umeinuka.

Vijana wawili walipita na dadu. "Fundi! Leo ni mchezo mkubwa, twende!"

Nyundo ilisimama hewani. Machano aliwatazama vijana, akatazama mkono wa kijana mmoja uliofumba dadu. Halafu aliweka nyundo chini, akaingia ndani, akaufunga mlango kwa ndani. Tulisikia akimwita mkewe apite uani waende kuzungumza. Kwa kuwa paa halikuwepo, tulisikia vizuri.

Bi. Kazija alitoka nje kwa haraka, uso umemjaa tabasamu. "Shoga! Nimeona mwenyewe! Nusura apone, ee? Nusura!"

Bi. Sikudhani aliushusha mkono wake.

"Hapana, shoga," alisema. "Bado anaumwa. Na leo hajacheza."

Akaenda uani kwa mumewe. Katika muda wote niliokaa katika nchi ile, hilo ndilo jibu la kwanza nililolisikia ambalo halikuhitaji utepe.